Bastola ya mtumba wa jeshi, bei ya kutupa: nichukue au niache?

Shikamoo Anko,

Naomba unisaidie kimawazo maana muda niliopewa ni mfupi na kichwa kimeshajaa maneno ya watu. Mimi ni baba wa miaka 34, nna mke na mtoto mmoja wa miaka 6. Miezi mitano iliyopita nilijiunga na klabu ya kulenga shabaha, nikamaliza mafunzo ya usalama, na maombi yangu ya leseni yako hatua ya mwisho, wamebakiza kuniuliza tu silaha gani nataka iandikwe. Muda wote huu natumia bastola ya klabu, ile ya kisasa ya risasi 9x19 (kipenyo na urefu wa ganda kwa milimita), na sasa hivi mkono umeanza kutulia, ile tabia ya kufumba macho kabla ya mlio imeisha, au niseme karibu iishe.

Sasa kuna mzee mmoja pale klabuni, mtu wa miaka mingi kwenye mambo haya, anapunguza vitu vyake. Ana bastola mbili zilizotoka stoo za majeshi ya Ulaya Mashariki. Moja ni TT, yaani Tokarev, ya Poland, kwenye chuma imegongwa mwaka 1952. Nyingine Makarov ya Bulgaria. TT anaitoa chini ya nusu ya bei ya bastola mpya ya kawaida, na juu yake anaongeza kopo la bati la risasi za zamani, anasema zimo kama 700, bure. Makarov iko juu kidogo na haina zawadi, ni magazini mbili tu na holsta ya ngozi.

Anko sikufichi, TT nimeipenda. Ni nyembamba, imenyooka, haina mbwembwe, ukiishika unaanza kujiuliza ilikuwa kwenye kiuno cha nani. Na nikipiga hesabu naona nikichukua bastola mpya hela yote inaishia hapo hapo, hata risasi za mazoezi sina, wakati hii nachukua na risasi 700 juu na chenji inabaki. Mpango wangu ni itumike klabuni na pia iwe ya nyumbani usiku, kwa lolote.

Jumamosi nikaenda na mke wangu aione. Mzee akatandika taulo mezani akaziweka zote mbili, akatoa magazini, akatuonyesha chemba (pale risasi inapokaa ikisubiri kupigwa) ni tupu, vizuri kabisa. Mke wangu akaishika TT akaigeuza huku na huku, akauliza, "Sefti yake iko wapi?" Mzee akacheka, "Shemeji, sefti ni kidole chako." Mke wangu hakucheka. Tangu siku hiyo kila nikianzisha mada ananijibu kitu hicho hicho, kwamba kitu kisicho na sefti hakiingii nyumba yenye mtoto, basi.

Kingine, nilipochungulia mtutu kwa tochi niliona karibu na mdomoni kuna vishimo vidogo vidogo, kama ngozi ya mtu aliyetoka kuugua tetekuwanga. Nje lakini inang'aa nyeusi tii. Mzee anasema hizo ni alama za uzee tu, "hii ni chuma imetoka vitani, haifi leo wala kesho." Wenzangu wa klabu wamegawanyika, mmoja ananiambia nisiache dili kama hiyo, mwingine ananiambia ninunue Nagant, mwingine ananicheka.

Ananisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Nichukue au niache?

Mpwa wako,
Njia Panda

*

Marahaba mpwa wangu,

Nianze na mkeo, maana katika watu wote waliokuwa pale mezani yeye ndo aliyeuliza swali la maana. TT haina sefti ya kubonyeza, ni kweli, haikutengenezwa nayo tangu mwanzo. Tokarev alipoibuni kwa ajili ya jeshi la Kisovieti (ya kwanza 1930, iliyoboreshwa 1933) kilichowekwa ni kituo cha nusu koki tu. Unairudisha nyundo kidogo mpaka inakamata, hapo triga inafungwa na slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, nayo inafungwa. Na kwa kawaida askari waliibeba chemba ikiwa tupu, risasi ziko kwenye magazini, siku ya kazi ndo unavuta slaidi. Kwa hiyo jeshini haikuwa kasoro sana, kulikuwa na utaratibu. Shida inaanza pale mtu anapoichukua bastola ya utaratibu ule akaiweka pembeni ya kitanda na risasi ndani ya chemba, halafu kila akitaka kuishusha nyundo inabidi aishikilie kwa kidole gumba huku anabonyeza triga. Usiku wa manane, mikono ina jasho, umetoka usingizini. Kidole kikiteleza, risasi imetoka. Zile zilizoingizwa Marekani ziliongezewa sefti kwa sababu sheria ya uingizaji kule iliwabana, zipo zilizofanywa vizuri na zipo ambazo kale kawenzo kamepachikwa tu, ukikagusa kidogo kanazunguka kenyewe. Ukikutana na moja usiseme "afadhali hii ina sefti" kabla hujaijaribu.

Na ile ya "sefti ni kidole chako", bana, maneno hayo ni ya klabuni. Kwamba kidole kikae nje ya triga mpaka uwe umelenga, sawa, hilo ni la kila siku na kila silaha. Ila mtoto wa miaka 6 kidole chake hakijaenda kozi.

Sasa tuje kwenye hesabu zako maana hapo ndo naona umejichanganya zaidi. Umelinganisha bei ya bastola na bei ya bastola. Mtu anayelenga shabaha kila wiki mbili, akipiga risasi 100 kwa safari, ndani ya mwaka mmoja na nusu hela iliyoenda kwenye risasi mara nyingi imeshaipita ya bastola yenyewe. Kwa hiyo unachonunua kwa kweli ni mdomo wa kulisha. Bastola ya klabu inakula 9x19, ambayo iko kila mahali bastola zinapouzwa. TT inakula 7.62x25. Hii ni risasi ileile ya bunduki za PPSh-41 za vita kuu ya pili, ndo maana ilikuwepo kwa makopo na makopo, stoo zilijaa. Lakini stoo haizai. Zilivyokuwa zinatoka nyingi ilikuwa rahisi kuliko karanga, siku hizi zimepungua sana na mpya zinatengenezwa na viwanda vichache. Hizo 700 za mzee ni safari saba. Baada ya hapo? Kabla hujatoa hata senti, pita kwa wauza risasi uliowazoea, waulize 7.62x25 mpya wanayo, wanaagiza, inachukua muda gani, na boksi la 50 likoje ukilinganisha na 9x19. Jibu utakalopata lina uzito kuliko ushauri wangu wote.

Na hizo za bure nazo zina mambo yake, na zinahusiana moja kwa moja na vile vishimo ulivyoviona.

Ile fataki ndogo kwenye kitako cha risasi, inayogongwa na pini, kwenye risasi nyingi za jeshi za miaka ile iliwekwa klorati ya potasiamu. Ikiungua inaacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni ndugu wa damu wa chumvi ya mezani. Unajua chumvi ikiachwa wazi inavyovuta unyevu? Ndo hivyo hivyo ndani ya mtutu. Haisubiri mvua, hewa tu inatosha. Na watu wengi wanasafisha kwa mafuta ya bunduki wanaridhika, wakati chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, unakuwa umeifunika tu blanketi. Dawa yake ni maji. Maji ya moto yenye sabuni, siku hiyo hiyo, unapitisha kwenye mtutu, unaosha uso wa slaidi pale pini inapotokea, unaosha na magazini, unakausha mpaka hakuna tone, ndo unapaka mafuta.

Mimi hili nililijua kwa njia ngumu. Bastola yangu ya kwanza ya mtumba niliipigisha risasi za kopo Jumapili, nikarudi nimechoka, nikaifuta juu juu kwa kitambaa chenye mafuta nikaiweka. Jumatano jioni nikaitoa, nikapitisha kitambaa cheupe kwenye mtutu, kikatoka na rangi ya chai ya rangi. Nikapitisha cha pili, chai. Cha tatu, chai. Siku tatu tu mpwa, ndani ya kabati kavu. Nilikaa pale sakafuni nimeshika kale kakitambaa najiona mjinga, maana niliambiwa na nikapuuza. Na mtutu ule haukurudi tena kuwa kama ulivyokuwa.

Kwa hiyo ile tetekuwanga uliyoiona sio uzee. Chuma hakizeeki hivyo kikitunzwa. Kuna mtu alipiga risasi za chumvi akalala. Je, ni mbaya kiasi cha kuiacha? Sio lazima, nimeona mitutu yenye madoa inalenga vizuri tu, muhimu ile michirizi inayoizungusha risasi bado iwe na kona kali na mdomo wa mtutu usiwe umelika. Kinachonikera mimi ni kwamba nje inang'aa nyeusi tii. Bastola ya 1952 iliyopita mikononi mwa jeshi huwa ina mikwaruzo, kingo zimepauka, pale holsta inaposugua pamekuwa peupe. Ikiwa nje kama ya harusini na ndani ina vishimo, maana yake imepigwa rangi upya, na kabla ya kupigwa rangi ilisuguliwa, na iliposuguliwa kuna kilichokuwa kinafutwa. Inawezekana ni depo ya jeshi yenyewe ndo ilifanya, walikuwa wanazifanyia matengenezo wanazirudisha stoo, wala mzee sio tapeli. Lakini mwombe afungue vile vibao vya mshikio, pembeni zote mbili. Wapaka rangi wengi hawasumbuki kufika huko chini. Ukikuta shimo la kutu chini ya kibao basi umeshajua nje kulikuwaje kabla ya mbwembwe.

Na ukishafika hapo usiondoke, maliza ukaguzi wote, hata kama ni kwa kujifunza tu. Magazini nje, chemba umeiangalia kwa macho na ukaingiza kidole, wewe mwenyewe sio kuambiwa, na mdomo wa mtutu umeelekea upande salama muda wote. Koki nyundo yote, halafu isukume mbele kwa dole gumba kwa nguvu ya kawaida bila kugusa triga. Ikianguka, shukuru uondoke, sehemu inayokamata imelika. Kisha iweke nusu koki, bonyeza triga kwa nguvu. Isianguke, na slaidi isivutike. Kumbuka hiyo nusu koki ndo sefti yake yote, ikifeli hapo huna kitu mkononi. Angalia namba za slaidi, fremu na mtutu kama zinafanana. Zisipofanana haimaanishi ni kimeo, ila inamaanisha imekusanywa, na bei ishuke.

Ukifungua TT utakutana na kitu kimoja ambacho naomba nikisifie japo sitaki uinunue. Slaidi ikishatoka, mtambo mzima wa nyundo unauinua kama unavyoinua kiazi kwenye sufuria, kipande kimoja, unausafisha pembeni unaurudisha. Na ile midomo inayoielekeza risasi iingie kwenye chemba, ambayo kwenye bastola nyingi iko juu ya magazini na ndo inayopindika ukiiangusha, Tokarev aliichonga kwenye chuma cha mtambo huohuo. Magazini ikipata kipigo kidogo bado bastola inakula. Huyo mzee wa Kirusi alikuwa anamfikiria askari aliyelala kwenye matope. Kwa hiyo ukisema umeipenda nakuelewa kabisa, hata mimi naipenda. Ila mapenzi ni mapenzi na kazi ni kazi.

Kazi yenyewe umesema mbili, klabuni na nyumbani. Klabuni TT ni raha, risasi yake inaenda zaidi ya mita 400 kwa sekunde, haiyumbi sana mkononi kwa sababu chuma kina karibu gramu 850, ila mlio wake ni mkali mno na mwale wa moto unaonekana, jirani yako wa mstari atakutazama. Vaa kinga ya masikio iliyo nzuri. Uliza pia kama klabu inaruhusu risasi za zamani zenye chuma kwenye ganda la kichwa, maana zinaharibu mabamba ya shabaha na zinarusha vipande, klabu nyingi wanapitisha sumaku, ikinasa wanakurudisha. Unaweza kujikuta una kopo la risasi 700 za bure na huna pa kuzipigia.

Nyumbani sasa. Risasi nyembamba yenye kasi ile haisimami kwenye ukuta mwepesi wala mlango wa mbao, na upande wa pili wa ukuta wako analala nani? Tuachane na hilo.

Makarov je? Hapo tuongee. Hii ndo iliyoirithi TT jeshini mwaka 1951 na ukiziweka pamoja unaona kabisa waliyojifunza katikati. Ina sefti kwenye slaidi, ukiipandisha juu nyundo inashuka yenyewe salama, huhitaji kuishikilia kwa kidole gumba. Triga yake inaweza kukoki yenyewe, kwa hiyo mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, mkeo ataipenda hiyo. Mtutu umefungwa kwenye fremu, hautikisiki, ndo maana inalenga vizuri kuliko sura yake. Kuifungua huhitaji kifaa, unavuta chini ile duara inayozunguka triga, unarudisha slaidi nyuma unainua, imefunguka, mara ya pili unaweza ukiwa umefumba macho. Ina mateke zaidi kidogo kuliko unavyotegemea kwa ukubwa wake kwa sababu hakuna kufuli, ni springi na uzito wa slaidi tu vinavyozuia. Kitufe cha magazini kiko chini ya kitako, unatumia mkono wa pili, ni taratibu. Vitundu vya kulengea ni vidogo kama vya mtu mwenye wivu.

Kuna jambo moja la Makarov ya stoo usilisahau. Silaha za jeshi zinahifadhiwa zimezama kwenye grisi nzito, na pini ya Makarov inayogonga fataki haina springi ya kuirudisha, inaelea tu kwenye tundu lake. Grisi ikigandia humo inaweza kuishikilia pini ikiwa imechomoza, na ukiachia slaidi risasi inafyatuka bila wewe kugusa triga. Kwa hiyo shika ile slaidi ikiwa imetolewa, itikise karibu na sikio kama unavyotikisa kiberiti. Usikie pini inacheza, chak chak. Ikinyamaza, pini itolewe, tundu lisafishwe kwa mafuta ya taa, ndo mengine yafuate. Hata kama mzee ameitumia miaka, itikise.

Na risasi zake, sikiliza vizuri kwa sababu wewe umezoea 9x19. Makarov ni 9x18, na hizo tisa sio tisa moja. Kichwa cha risasi ya Makarov kina kipenyo cha karibu milimita 9.27 wakati ile uliyozoea ni 9.0 na kitu. Haziingiliani. Ile ya 9x17 nayo watu wanajaribu kuipiga humo kwa sababu "inaingia", inaingia ndio, na inalegea. Risasi zako za klabu na za nyumbani zisikae boksi moja wala mfuko mmoja. 9x18 inatengenezwa mpya mpaka leo, na nyingi za mpya hazina ile chumvi, ila bado swali la kwa wauza risasi liko palepale.

Huyo aliyekwambia Nagant anakutakia mema lakini anakupeleka makumbusho. Ni bastola ya magurudumu ya 1895, risasi 7, ukikoki silinda inasogea mbele inaziba na mtutu, ufundi mtamu kweli wa kuangalia. Triga yake usipoikoki kwa mkono utadhani unafungua mlango wa benki, na risasi zake hakuna silaha nyingine ya maana inayozitumia. Na akitokea wa kukwambia CZ 52 kwa kuwa ni ya Kicheki na ina nguvu, mwambie ile wenzo yake ya kushusha nyundo haiaminiki, watu wanaozijua hawaitumii kabisa ikiwa na risasi ndani.

Karatasi. Leseni yako haijaandikwa silaha bado, hiyo ni bahati, usiichezee. Kabla hujampa mzee hata kishika uchumba, nenda kwa mamlaka inayokupa leseni ukaulize kwa aina na kwa kipimo cha risasi, sio kwa jina la jumla "bastola". Kuna nchi kipimo cha jeshi ni kesi. Meksiko raia wa kawaida hapewi bastola ya 9x19, wanaihesabu ni ya jeshi, na Italia waliikataza kwa miaka mingi mpaka watengenezaji wakahamia 9x21 ili wauze. Kwenu inawezekana hakuna shida, inawezekana ipo, ofisini watakwambia kwa dakika tano. Uliza pia unaruhusiwa kukaa na risasi ngapi ndani, kabla hujabeba kopo la 700 ukajikuta mhalifu kwa zawadi. Na makabidhiano yafanyike mbele ya hao hao, namba iliyo kwenye chuma ilingane na iliyo kwenye karatasi za mzee. Akikwambia "chukua kwanza karatasi tutamalizana", hata kama ni mtu wa heshima, muage kwa heshima.

Halafu hukutaja seifu. Umenipigia hesabu ya bastola, risasi, chenji, seifu haimo. Nyumba yenye mtoto wa miaka 6, ile chenji yako ndo seifu, ile ya chuma inayofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, na risasi zikae sehemu nyingine iliyofungwa, na funguo zisiwe juu ya kabati ambapo kila mtoto duniani anajua ziko. Kama hela haitoshi vyote viwili, anza na seifu, bastola endelea na ya klabu. Najua haifurahishi kununua kasha tupu. Kaa nalo tupu.

Sasa jibu lako. TT hiyo iache. Sio TT zote, hiyo. Mtutu una chumvi ya mtu mwingine, nje imepakwa, haina sefti, risasi zake zinaisha, na unataka ifanye kazi ya usiku ambayo haikuumbiwa. Ingekuwa unaniambia una seifu, una bastola nyingine ya kazi, na hii unaitaka kwa historia yake na kwa raha ya Jumamosi, ningekwambia ifungue vibao tuone. Hauko hapo bado. Makarov ichukue kama 9x18 inapatikana kwako bila kuhangaika, kama ofisi wameikubali, na kama seifu imeshafungwa ukutani. Ikikosekana hata moja kati ya hizo tatu, subiri utafute 9x19 iliyotumika, aina ileile ya klabu, maana mkono wako umeshajifunza hiyo kwa miezi mitano na mafunzo hayo umeshayalipia. Ukichukua Makarov badilisha springi ya slaidi na za magazini mapema, ni vitu vidogo na hujui zimefanya kazi kiasi gani, na mpe fundi silaha aipitie siku moja.

Cha kufanya wiki hii, mwambie mzee mwende mstarini na zote mbili. Kama kweli haziumwi hatakataa. Weka karatasi ya shabaha mita 15, egemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga, piga magazini moja ya kila bastola, nane nane, taratibu. Halafu nenda kaangalie matundu kwa karibu. Tundu la duara maana yake risasi inazunguka vizuri. Tundu la mviringo uliovutika kama tundu la kitasa maana yake risasi inafika imelala ubavu, michirizi imekwisha. Mwache na mkeo apige Makarov, mwonyeshe kwanza sefti inavyofanya kazi, na umuulize yeye kama itaingia ndani au la. Nitumie picha ya hizo karatasi mbili kabla ya mwisho wa mwezi, ya TT hasa, nataka kuyaona hayo matundu.

Anko